Uzima wa gari uulizwe siku ya kulipa bima, si siku ya ajali

Miongoni mwa sababu ambazo kampuni za bima hutoa zinapokataa kumlipa mwenye gari baada ya ajali, ipo moja ambayo yafaa ijadiliwe hadharani. Sababu hiyo ni kwamba gari, siku ya ajali, halikuwa katika hali ya kufaa kuwa barabarani. Tairi moja lilikuwa kipara. Breki zilikuwa hafifu. Taa ya nyuma ilikuwa haiwaki. Basi mwenye gari, ambaye amelipa bima mwaka baada ya mwaka bila kukosa, huandikiwa barua fupi ya kumjulisha kwamba amevunja masharti ya mkataba na kwamba kampuni haidaiwi naye hata senti moja.

Sisemi kwamba kila barua ya aina hiyo ni dhuluma. Zipo zinazostahili kuandikwa, na nitazitetea. Ninalosema ni kwamba sababu hiyo imeachwa iwe pana mno, kiasi cha kuweza kutumiwa hata pale ambapo ubovu unaotajwa haukuhusika kamwe na ajali. Nasema pia kwamba swali la uzima wa gari, ambalo lingepaswa kuulizwa siku mteja anapotoa pesa zake, aghalabu huulizwa kwa mara ya kwanza siku anapodai haki yake.

Kwanza tuzipe kampuni za bima haki yao. Gari bovu ni hatari kwa kila mtu aliye karibu nalo. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinakataza gari lolote kutumiwa barabarani isipokuwa liwe, pamoja na vifaa vyake vyote, taa na matairi yakiwemo, katika hali isiyowahatarisha watu wengine. Wajibu huo ni wa mwenye gari na dereva wake. Hauwezi kuuzwa kwa kampuni ya bima kwa malipo ya mwaka.

Nchi hii inajua gharama ya chombo kizito kisichoweza kuzuiwa. Miteremko ya Salgaa, katika barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, imetajwa kwa miaka mingi pamoja na habari za malori yanayoshindwa kusimama. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori liliacha njia yake likawavamia wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Simhukumu mtu yeyote kwa msiba huo. Nautaja ili nisije nikaeleweka kuwa nawatetea wanaotia magari mabovu barabarani. Ni kwa sababu ya hatari kama hizo kwamba kanuni za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 wakati marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, ziliyalazimisha magari ya abiria kuwa na vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama.

Tena, fedha ambazo kampuni ya bima hulipa si zake pekee. Ni mchango wa wateja wote. Anayelitunza gari lake na asiyelitunza huchangia kapu moja, na kapu likitobolewa na madai ya uongo au ya uzembe, atakayeumia ni yule mwaminifu. Tumeona kampuni zikianguka. Kampuni ya United iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, na zote mbili zilikuwa na bima nyingi za magari ya abiria. Zilipoanguka, waliojeruhiwa walibaki na hukumu za mahakama zisizolipika, nao wenye magari wakabaki wakikabiliana na madai waliyodhani wamekwisha kuyakinga. Kwa hivyo kampuni inayochunguza madai kwa makini haifanyi kosa. Inalinda kapu la wote.

Lakini kuchunguza ni jambo moja, na kutafuta kisingizio ni jambo jingine. Ili tuweze kutenganisha mawili hayo, inatubidi tutofautishe watu wawili ambao mara nyingi huchanganywa: aliyegongwa, na mwenye gari.

Tuanze na aliyegongwa. Huyu ni mtu aliyekuwa akivuka barabara, au mwendesha baiskeli, au abiria aliyelipa nauli ndani ya matatu. Hakuandika mkataba wowote na kampuni ya bima. Hakupewa nafasi ya kuinama chini ya gari akaangalie breki kabla ya kugongwa. Sheria yetu inalijua jambo hilo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, ile inayomlazimisha kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu wengine, kinataja masharti ambayo kampuni haiwezi kuyatumia kuikwepa bima hiyo. Miongoni mwayo ni umri au hali ya afya ya dereva, idadi ya watu waliobebwa, uzito wa mizigo, saa au mahali gari lilipotumika, na, kwa maneno ya wazi kabisa, hali ya gari lenyewe.

Maana yake ni hii. Mjane wa mtu aliyeuawa na matatu yenye breki mbovu haambiwi, "Pole, mama, matatu ile ilikuwa mbovu, kwa hivyo bima haipo." Akishinda kesi yake dhidi ya mwenye matatu, kampuni inapaswa kumlipa, kwa kiwango ambacho sheria inakiruhusu. Marekebisho ya mwaka 2006 yaliweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Baada ya kulipa, kampuni ina haki ya kumgeukia mwenye matatu na kumdai ile pesa iliyoilipa kwa sababu ya ubovu ambao mkataba uliukataza. Huo ni mpango wa busara. Asiye na hatia hulipwa kwanza, kisha wenye mkataba wao wakamalizane.

Nimeueleza mpango huo kwa kirefu kwa sababu wengi wanaouhitaji hawaujui. Mtu aliyevunjika mguu, asiye na wakili, akiambiwa mezani kwamba gari lililomgonga lilikuwa bovu na kwamba dai lake halina msingi, huenda akaamini na kurudi nyumbani. Au atakubali kiasi kidogo cha pesa na kutia sahihi karatasi ya kumaliza madai yote. Nasema hapa kwa sauti: kwa mtu aliyegongwa, ubovu wa gari lililomgonga si sababu ya kumnyima fidia. Kinyume chake, ni ushahidi wa kumsaidia, maana unaonyesha uzembe wa mwenye gari.

Upo mlango mmoja ambao kampuni inaweza kuutumia hata dhidi ya huyo. Kifungu cha 10 cha sheria hiyo hiyo kinairuhusu kampuni kwenda mahakamani, katika muda usiozidi miezi 3 tangu kesi ya mlalamishi ilipoanza, ili itangazwe kwamba mkataba wa bima ulipatikana kwa mwenye gari kuficha jambo muhimu au kusema uongo. Fomu za maombi ya bima huwa na swali juu ya hali ya gari. Mwenye gari akijibu kwamba gari ni zima huku akijua kwamba usukani wake umelegea, ameifungulia kampuni mlango huo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayejaza fomu ya bima na akumbuke kwamba jibu moja la uongo laweza kumponza yeye na kumnyima haki mtu asiyemjua kabisa.

Sasa tuje kwa mwenye gari mwenyewe, aliyekata bima kamili, yaani ile inayolipa hata hasara ya gari lake. Hapa ndipo penye utata, kwa maana kinga ya kifungu cha 16 haimfikii. Kati yake na kampuni kuna mkataba, na mkataba huo kwa kawaida humtaka achukue hatua zote za busara kulikinga gari na kulidumisha katika hali nzuri. Maneno hayo ni mafupi, lakini yamebeba mzigo mkubwa. Hali nzuri ni ipi? Nzuri kwa macho ya nani? Gari lililotoka kwa fundi asubuhi na likapasukiwa na mpira wa breki jioni lilikuwa katika hali nzuri au halikuwa?

Mahakama za Uingereza, ambazo maamuzi yake bado huheshimiwa na mahakama zetu kwa sababu sheria yetu ya mikataba imetoka huko, zimelijadili swali hili kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1930, Baraza la Rufaa la Mfalme huko London liliamua kesi iliyotoka New Zealand, ya mtu aliyeendesha gari usiku bila taa na kufa katika ajali. Mkataba wake ulikataza gari kuendeshwa likiwa katika hali ya hatari. Baraza likasema haijalishi kama dereva alijua au hakujua kwamba taa zimezimika. Gari lilikuwa katika hali ya hatari, na hilo lilitosha. Mwaka 1963 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikaamua kesi ya gari dogo aina ya Ford Anglia, lenye nafasi ya watu 4, lililokuwa limebeba watu 9. Gari lenyewe halikuwa na kasoro yoyote. Lakini mahakama ilisema kwamba kwa kujazwa kiasi hicho lilikuwa si salama kuendeshwa, na kampuni haikulazimika kulipa. Wenye matatu ambao bado huwaambia abiria wasogee kidogo wampishe mwenzao wangefaa kulitafakari hilo.

Ugumu wa maamuzi ya namna hii ni kwamba yanaweza kumhukumu mtu kwa kasoro asiyoijua. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba, mkataba ukiandikwa kwa maneno fulani, kampuni yaweza kushinda hata kama kasoro hiyo haikusababisha ajali.

Chukulia mfano wa mwalimu aliyekopa pesa kwenye chama chake cha akiba akanunua gari la mitumba lililoshushwa bandarini Mombasa. Amelikatia bima kamili. Siku moja amesimama kwenye taa za barabarani, taa ni nyekundu, naye ametulia. Lori linatoka nyuma na kulibomoa gari lake lote. Mwalimu anaandikisha ajali kwa polisi, anapeleka dai, na mkadiriaji wa hasara anatumwa. Mkadiriaji analizunguka gari na kugundua kwamba tairi la mbele la kushoto limelika. Je, tairi la mbele la gari lililosimama lilihusika vipi na lori lililotoka nyuma? Halikuhusika hata kidogo. Hata kama lingekuwa jipya kutoka dukani, gari lingebomolewa vile vile. Lakini kwa maneno matupu ya mkataba, gari halikuwa katika hali nzuri, na mwalimu anaweza kupokea ile barua fupi niliyoitaja.

Mlinganishe na mtu wa pili. Huyu ana lori ambalo dereva wake amelalamika mara tatu kwamba breki hazishiki. Mwenye lori anamwambia aende tu safari moja zaidi, breki zitashughulikiwa akirudi. Lori linashindwa kusimama kwenye mteremko, linapinduka na kuteketea. Mtu huyu akinyimwa fidia ya lori lake, mimi sitamwombea. Alijua, alionywa, na ubovu aliouacha ndio uliomletea hasara. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na haifai ukuta huo ujengwe kwa pesa za wateja wengine.

Watu hawa wawili hawafanani. Sheria inayoweza kuwatia katika chungu kimoja ni sheria yenye upungufu. Nchi nyingine zimekwisha kuuona upungufu huo na kuurekebisha. New Zealand ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 1977, na Australia kwa sheria ya mikataba ya bima ya mwaka 1984. Uingereza yenyewe, iliyotupa desturi hizi, ilipitisha sheria mwaka 2015 ambayo ilianza kutumika Agosti 2016. Kwa sheria hiyo, kampuni haiwezi kutegemea sharti lililovunjwa ikiwa mteja ataonyesha kwamba kulivunja sharti hilo hakungeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea kwa namna ilivyotokea. Mwalimu wetu angelipwa. Mwenye lori angejibu maswali. Haikuwa lazima bima iporomoke ili haki hiyo ipatikane, na haikuporomoka.

Hebu sasa tutazame jinsi bima inavyouzwa hapa kwetu. Anayetaka bima ya watu wengine tu huweza kuipata kwa muda mfupi kuliko anaotumia kunywa chai. Hutaja nambari ya gari, hulipa, na cheti humfikia kwa simu. Hakuna anayelitazama gari. Laweza kuwa limesimama juu ya mawe bila magurudumu. Anayetaka bima kamili hutumwa kwa mthamini aliyeteuliwa na kampuni. Mthamini hulizunguka gari, hulipiga picha, huandika hali ya injini, bodi na matairi, kisha hutaja thamani yake. Ripoti hiyo huenda kwa kampuni. Kwa hivyo kampuni huwa imeliona gari kwa macho ya mtu wake mwenyewe. Ikiwa mthamini aliyaona matairi yaliyolika na kampuni ikanyamaza ikapokea pesa, kwa haki gani itayageuza matairi hayo kuwa kosa miezi michache baadaye?

Kisha kuna lugha. Mkataba wa bima ni kitabu kidogo cha Kiingereza cha mawakili, chenye herufi ndogo, ambacho wateja wengi hukipokea baada ya kulipa, kama wanakipokea. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimeifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa kila mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na kile alichokinunua. Sioni jinsi dereva wa teksi wa Kisumu au mwenye pikapu ya kabeji wa Kinangop anavyoweza kusemwa amepata habari hizo, ikiwa sharti linaloweza kumnyima kila kitu limefichwa katika ukurasa wa tisa wa lugha asiyoitumia sokoni wala nyumbani.

Lipo pia suala la ushahidi. Baada ya ajali mbaya, gari hupelekwa kwa mkaguzi wa magari, naye hutakiwa aandike kama lilikuwa na kasoro kabla ya ajali. Kwa miaka mingi kazi ya ukaguzi wa magari ilikuwa mikononi mwa kitengo cha polisi, hadi ilipohamishiwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kampuni ya bima nayo hutuma mtu wake. Kazi hii si rahisi kama inavyodhaniwa. Mpira wa breki huweza kukatwa na mgongano wenyewe, mafuta yakamwagika, na anayefika baadaye akasema gari halikuwa na breki. Chuma cha usukani kilichovunjika huwa na siri yake: palipovunjika pakiwa na kutu, ufa ulikuwepo zamani, pakiwa pang'avu, huenda kimevunjika siku ile ile. Tairi lililolika halidanganyi, lakini tairi lililopasuka huhitaji jicho la fundi kujua kama lilipasuka kabla au baada. Na gari likishakaa miezi kadhaa katika uwanja wa kituo cha polisi, likinyeshewa, nani atajua kipi kiliharibiwa na ajali na kipi kimeharibika baadaye au kimeng'olewa?

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inasema anayedai jambo ndiye anayepaswa kulithibitisha. Kampuni inayodai kwamba gari lilikuwa bovu na ithibitishe. Haitoshi kuandika kwamba "uchunguzi wetu umebainisha." Uchunguzi upi? Uliofanywa na nani, siku gani, mbele ya nani? Ripoti iko wapi? Mwenye gari aliyenyimwa nakala ya ripoti inayomhukumu hana tofauti na mtu aliyefungwa bila kusomewa mashtaka.

Serikali nayo haiwezi kunawa mikono. Magari ya abiria na ya biashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka, lakini kila msafiri amepanda matatu yenye kibandiko kipya cha ukaguzi na kiti kinachoshikiliwa na kamba. Ikiwa hati ya ukaguzi inaweza kununuliwa, basi mwenye gari mwaminifu hana ushahidi wa kumfaa, na asiye mwaminifu ana ngao asiyostahili. Hata ukaguzi uliofanywa kwa haki huonyesha hali ya gari siku ile tu. Haulilindi gari kwa siku 364 zilizobaki. Kwa hiyo hati hiyo isichukuliwe na mwenye gari kama kinga ya mwaka mzima, wala isidharauliwe na kampuni kana kwamba ni karatasi tupu.

Baada ya kusema hayo, napendekeza mambo manne.

La kwanza, Bunge liirekebishe Sheria ya Bima, Sura ya 487, ili kampuni isiruhusiwe kukataa dai kwa sababu ya hali ya gari isipokuwa ithibitishe kwamba kasoro inayotajwa ilisababisha ajali au ilichangia. Ikiwa ilichangia kwa sehemu tu, fidia ipunguzwe kwa kadiri ya sehemu hiyo, wala isifutwe yote. Nusu shari ni bora kuliko shari kamili.

La pili, Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, izitake kampuni zitoe ukurasa mmoja kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, utakaotiwa sahihi kabla ya pesa kupokewa, ukieleza kwa maneno ya kawaida mambo ambayo mteja asipoyatimiza atakosa fidia. Ikiwa kampuni inataka matairi yenye kina fulani cha meno, itaje kina hicho kwa milimita. Ikiwa inataka gari lifanyiwe huduma kila baada ya kilomita kadhaa, itaje kilomita hizo. "Hali nzuri" haipimwi kwa rula yoyote.

La tatu, mteja apewe nakala ya ripoti ya mthamini, ikiorodhesha kasoro zilizoonekana na muda wa kuzirekebisha. Kampuni itakayoona kasoro, ikanyamaza na kupokea malipo, ihesabiwe kuwa imelikubali gari kama lilivyo.

La nne, kila barua ya kukataa dai itaje kasoro yenyewe, ieleze ilivyosababisha ajali, na iambatishwe na ripoti ya mkaguzi. Mwenye gari naye ajulishwe mapema siku ya ukaguzi ili aweze kuja na fundi wake.

Hayo ni ya wakubwa. Nasi wenye magari tuna yetu. Tuache tabia ya kulipeleka gari kwa fundi pale tu linapokataa kuwaka. Tuweke risiti za matairi, za breki na za huduma, hata kama fundi ni wa jua kali na risiti yake imeandikwa kwa kalamu; tarehe, nambari ya gari na sahihi vinatosha kuwa ushahidi. Tujaze fomu za bima kwa mikono yetu wenyewe, na kwa ukweli, badala ya kumwachia wakala aandike "ndiyo" mahali pote. Baada ya ajali, tupige picha za gari na za barabara kabla halijaburutwa. Na dai likikataliwa, tudai sababu kwa maandishi, kisha tupeleke malalamiko kwa IRA, na ikibidi mahakamani. Wengi hushindwa kwa sababu hukata tamaa kwenye barua ya kwanza.

Bima haikubuniwa ili iwafae watu ambao hawatapata ajali kamwe. Ilibuniwa kwa sababu binadamu hukosea, vyuma huchakaa, na barabara haina huruma. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kampuni inayopokea pesa bila kuuliza swali, kisha ikauliza maswali yote siku ya dhiki, haijawa rafiki wa mtu. Na mwenye gari anayeacha breki zife kwa sababu "bima ipo" hajawa rafiki wa mtu pia, hasa wa yule mama anayevuka barabara na mtoto mgongoni. Sheria nzuri ni ile itakayowabana wote wawili kwa wakati wake: mwenye gari kabla hajawasha injini, na kampuni kabla haijatoa risiti.